Kofia ya Mkono wa Kushoto

Kiharusi kilinikuta jikoni, Langoni,
mwiko bado uko mkononi.
Nilipozinduka hospitali
mkono wa kulia ulikuwa wa mtu mwingine,
mgeni aliyelala kitandani mwangu
bila kupiga hodi.

Miaka ishirini na sita nimedarizi kofia za vito.
Mabwana harusi wangapi wa Mkomani
wamebeba macho yangu utosini,
wala hawajui.

Sasa nashona kwa kushoto.
Kitambaa nakibana kwa goti,
sindano naichomeka mtoni, ndipo niitunge uzi.
Shaabani nzima: matundu kumi na moja.
Matatu yamepinda.
Moja lina damu.

Ng'ambo ya uchochoro, barazani pake,
Somoe Shee anashona kama anayemwaga mchele.
Punda akipita katikati yetu
hukunja miguu, mimi upande huu, yeye ule,
kisha sindano yake inaendelea
kana kwamba haikusimama.
Nikaanza kumhesabia.
Usiku, tasbihi mkononi, badala ya nyuradi
nikahesabu matundu ya Somoe:
yeye arubaini, mimi moja,
yeye arubaini na mbili.

Asubuhi moja nikachukua wembe
nikafumua yote kumi na moja
nianze upya, mbio, kama yeye.
Uzi ukapiga fundo. Chai ikaota utando.
Na kitambaa hakisahau:
nyuzi zilitoka, matundu yakabaki,
yananitazama.

Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Kibaba cha nani?
Hilo hawasemi.

Mjukuu wangu Mwanamize, darasa la tatu,
alikuja na daftari lake la hesabu.
"Bibi, hili la leo ni zuri kuliko la jana?"
Nikalisogeza karibu na pua.
"Kidogo."
Akaandika: *kidogo*.
Kesho yake akauliza tena.
Ukurasa mzima sasa, kidogo, kidogo, sivyo, kidogo,
na siku moja ya homa, mstari mtupu.

Kiti nimekigeuza.
Si kwamba nimemnunia Somoe;
juzi kaniletea mkate wa sinia,
nami sahani sikuirudisha tupu.
Ni mwanga tu. Kazi yangu
inataka mwanga wa ukuta huu.

Bwanaheri wa Shela kapita kuulizia kofia yake.
"Itakuwa tayari Idi?"
"Idi ipi?" nikamjibu.
Akacheka. Mimi sikucheka.

Yeo nimeshona manne.
La nne nimelinyanyua juani,
doa la mwanga, dogo kama punje ya mtama,
likatua juu ya mkono ule mgeni,
na kidole cha shahada
(au ni punda aliyepita akautikisa upepo, sijui)
kikacheza.

Sikumwita mtu.
Nililowesha uzi kwa mate,
nikatunga tena.