Tundu la Mchwa

Karatasi niliipata Kilwa Kivinje,
kwa mrithi aliyekuwa anauza kitanda cha besera.
Sanduku akanipa bure, bawaba zimekufa.
Khati ya Kiarabu, maneno ya Kiswahili,
wino wa rangi ya chai iliyolala:

"Mafuta ya Mwana" — kisha tundu —
"ya kupaka shingoni siku ya baraza.
Sandarusi ya bara. Udi. Zabadi kiasi cha punje ya mtama.
Maua ya mkadi yaliyolala na miski siku tatu.
Vyote viloweshwe katika" —
tundu la pili.

Mchwa wa Kivinje hawana adabu kwa wafalme.
Wamekula jina la malkia,
wakashushia na mafuta yake.

Nina duka la dawa Mikumbi, Lindi.
Mchana nahesabu vidonge vya malaria,
usiku, kwa mizani ileile, napima enzi.
Sandarusi ililetwa kutoka Rondo, imeviringwa kwenye gazeti.
Zabadi sikuipata, fungo ana sheria zake siku hizi;
pale nikatia nta ya nyuki na uongo kidogo.

Mafuta ya nazi yakavunda kabla ya Ijumaa.
Ya mzaituni yakanuka masikio ya watoto.
Ya nyonyo, heri nisiseme:
binti yangu Nahida alifungua madirisha yote, akauliza,
"Mama, huyu malkia alikufa na nini?"

Ikaingia Juni na minada yake.
Malori kutoka Nachingwea, Ruangwa, foleni hadi barabarani,
lami imepauka kwa punje zilizovuja,
kuku wa mjini wamenenepa kwa mali ya watu.
Saa kumi hivi akaja Nakoe, mpagazi wa ghalani,
kiganja kimechanwa na kamba ya gunia.
Nikasogeza chupa pembeni, sikuifunika,
nikamshika mkono.

Hapo.
Kati ya kidonda na chupa
hewa ikasimama, kama watu wanaompisha mtu.
Nikakinusa kile kiganja mbele ya wateja, bila haya:
jasho, katani, na ufuta,
ufuta uliojaa kwenye mikunjo ya ngozi tangu alfajiri.

"Dawa gani hiyo, mama?"
"Ya malkia wa Kilwa."
Akacheka hadi bendeji ikanianguka.
"Basi malkia wako alinuka kama ghala namba mbili."

Nilitaka kumuuliza, na aliyemkamulia je,
alirudi kwake ananuka nini?
Lakini nyuma yake mtoto alikuwa anakohoa.

Nikamfunga. Nikampaka tone moja shingoni,
kama karatasi ilivyoagiza,
akarudi kwenye magunia,
wenzake wakimuuliza anaoa lini.

Tundu moja nimeliziba.
Lile la jina, nikiinua karatasi dirishani,
bado linapitisha jua.