Umeruka Mwaa

Nimetandaza marekani sakafuni, Mtemani,
chumba cha nyuma, karibu na gunia la makonyo,
nikapiga mstari wa kwanza: kijani kibichi.
Wa pili mwekundu unaokwenda hudhurungi,
kama karafuu siku ya tatu juani.
Wa tatu buluu ya kufulia, ya kanzu za babu.
Sikuchora mtu. Sikuchora nyumba.
Nilitaka ukoo ukae kama nilivyousikia:
Shihiri upande huu, Tumbatu upande ule,
na katikati watu wanaanza kukohoa.

Shangazi Mize kaja kuchukua pishi yake.
Kavua viatu, kaigusa kazi yangu
kwa kidole cha mguu, kama mkeka wa kununua.
"Hii nini?"
Nikasema: sisi.
Kacheka mpaka kaegemea mlango.

Kisha kanyamaza. Kachutama.
Mikono ile imesuka ukili kabla ya kujua kalamu;
macho yake huhesabu yenyewe.
"Hapa umeruka mwaa."
Shangazi, huu si mkeka.
"Najua si mkeka. Nakwambia umeruka mwaa.
Baina ya huu mwekundu na huu wa buluu
pana mtu."

Jina kalitaja kwa sauti ya kuazima chumvi:
Faida.
(Waliomwita hivyo walijua hesabu.)
Mama wa mama wa babu,
aliyeletwa Mtambwe bila ya jina la baba,
akachuma karafuu zisizo zake,
akazaa watoto walioandikwa kwa mwenye shamba.
"Na nguo yake ilikuwa marekani hii hii."
Kwenye shajara ya babu pana duara tupu.
Mimi nikidhani wino ulikauka.

Nimechanganya rangi tangu adhuhuri.
Nyeusi inamfanya msiba.
Nyekundu, nitakuwa nimemwazimia ya wengine.
Manjano ya liwa? Hata sijui kama aliwahi kupakwa.

Shangazi kachoka kungoja.
Kachovya dole gumba kwenye kopo la kuoshea brashi,
maji yale ya rangi zote, yasiyo na rangi,
kaliburuta kutoka juu hadi chini.
Mstari ukapinda; kifundo kinamuuma.
Kajifuta kangani, kachukua pishi yake,
mlangoni kageuka:
"Na usiufunge. Iache miaa ining'inie."

Usiku huu maji bado hayajakauka.
Nguo imejikunja pale, imefanya kilima kidogo.
Nikipita kuzima taa
naukweza mguu, nazunguka,
kama pana mtu amelala.