Mchora Vibao

Baba yangu, Anaeli Nnko, alichora vibao
Ngarenaro, Kijenge, hadi Usa kwenye vumbi,
na hakuwahi kuligusa neno kwa brashi
kabla hajaliuliza: wewe, kwenu wapi?

SHULE, aliandika kwenye ukuta wa njano,
akinong'ona kwamba hili lilikuja na Mjerumani,
naye alipoondoka likabaki
kama koti lililosahauliwa kwenye msumari.
HELA nalo walikuja meli moja.
Ndiyo maana, alisema,
kila Januari yanatafutana.

Wenye gereji pale kwenye mzunguko
walitaka GEREJI YA KIPILEFTI.
"Mwingereza alikuwa anatoa amri," akasema,
"shika kushoto! Sisi tukadhani
anatutajia jina la mahali."
Akacheka mpaka rangi nyeupe ikamdondokea kiatuni.

Akina mama wa kikoba, Unga Limited,
aliwaeleza hilo la pili maana yake ni kikomo:
unga wenye kikomo.
Wakaguna. "Fundi, hiyo tunaijua
kila ikifika tarehe ishirini."

Ngarenaro ilimchukua siku mbili.
Muuza ugoro akamwambia ni Kimasai, maji meusi.
Baba akautazama mtaro, akatikisa kichwa: kweli.
"Si haya!" mama akafoka.
"Meusi kwa kina. Ya kunywesha ng'ombe.
Haya ni yenu."

Neno moja tu lilimshinda.
Ndukuru.
Bibi alilisema akiinamia chungu:
uji uliobaki, usiomtosha mtoto mwingine,
usiofaa kumwagwa.
Baba akalihamishia kwenye kopo,
rangi ya chini kabisa,
isiyofika herufi moja.
Aliuliza Wameru, akauliza Waarusha,
akapanda basi hadi Machame, akarudi na ndizi.
Mpare mmoja alisema labda. Labda tu.
Bibi alikuwa keshazikwa;
na hata angekuwepo, angesema,
"Ni ndukuru, bwana. Kula."

Julai tulipofungua banda lake
tulikuta ubao umepigwa msasa, umepigwa mistari,
herufi saba kwa penseli,
na chini, mahali pa jibu, peupe.

Nikazijaza kwa alichoacha
kwenye makopo kumi na moja:
N ya bluu ya zahanati, D nyekundu ya bucha,
ile U ya mwisho sijui ni rangi gani.

Nimeitundika getini.
Watu wanabisha hodi
wakiuliza tunauza nini.