Chama cha Wanga

Jumanne, saa kumi jioni, Dundee imeshaingia usiku.
Shangazi Mwanamisi akapiga simu.
"Uko wapi? Mbona sauti inarudi?"
Chini ya daraja, shangazi, napima mwanga.
"Unampima nani?"
Mwanga. Halafu saa moja nina kikao cha chama.
"Chama gani?"
Cha watu wa mwanga.
Kimya. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe kule Korogwe.
"Mwanangu," akasema, polepole, "nani kakuingiza?"

Lugha yetu ina utani wake:
neno lilo hilo kwa kinachofukuza giza
na kwa anayelivaa giza kama nguo.
Nikacheka hadi kipimo kikanitetemeka mkononi.
Lakini swali likabaki.

Isobel Geddes kaniingiza.
Nilikuwa mfungaji wa makasha katika ghala la taa,
misimu mitatu ya baridi, vidole vikinuka gundi,
akaja kununua balbu arobaini za kanisa.
Nikamwambia hizi zitaliua jiwe lenu,
jiwe lile lina rangi ya asali, nanyi mtaligeuza friji.
Akavua miwani. "Nani kakufundisha?"
Kuta, nikasema. Nimezitazama sana, sina televisheni.
Akaniazima kipimo chake,
mgongo umefungwa kwa utepe wa fundi umeme.
"Ukipata chako, urudishe."

Kazi ya kwanza: ngazi za nyumba ya wazee.
Wenzangu walipima usawa wa kifua.
Mimi cha mvunguni nikakiinamia,
nikalala kifudifudi kwenye zulia lenye harufu ya supu,
nikaona: macho yameangaziwa, miguu imesahauliwa.
Tulipomaliza, Bwana Ogilvie akateremka bila kupapasa ukuta.
Hakusifu taa. Alisema,
"Leo goti limepoa."

Na chama?
Watu kumi na wawili juu ya duka la rangi.
Mwaka wa kwanza nilipanga viti.
Wa pili nikaandika kumbukumbu za kikao,
nikiuliza tahajia ya majina yao hadi wakachoka,
wakaanza kuuliza ya langu.
Sasa nasoma kazi za vijana wanaotaka cheti,
Jumapili, nguo zikizunguka kwenye mashine,
kalamu nyekundu nimeificha, natumia penseli.
Hakuna mshahara. Kuna biskuti za shayiri, na lawama.
Mwaka juzi tuligombania ada ya wanafunzi kwa saa tatu nzima;
nilinyoosha mkono dhidi ya Isobel, nikashinda,
naye hakunisemesha hadi Pasaka.

Pasaka nikampelekea kipimo chake. Nilikuwa nimeshanunua changu.
Akakisukuma kando ya sahani.
"Nilisema urudishe. Nilisema kwangu?"

Usiku huu kaja Dorota, fundi wa taa za barabarani,
amechelewa, nywele zina theluji,
anaomba radhi kwa Kiingereza cha haraka,
amesimama karibu na mlango kama mtu anayetafuta pa kutokea.
Nikamwonyesha viti.
Vikishapangwa nitampa kile cha utepe.

"Na mnavua nguo?" shangazi alikuwa ameuliza mwisho, kwa kunong'ona.
Nyuzi mbili chini ya sifuri, shangazi. Tunavaa makoti mawili.
Lakini sikumwambia yote:
kikao kikiisha tunatembea pamoja hadi kituo cha basi,
hakuna anayetazama njia,
tunachungulia madirisha ya watu, dari kwa dari,
tukinong'ona: ile imening'inia chini mno,
ile inamchoma macho anayesoma,
ile, simameni kidogo,
ile nani kaiweka?