Rangi ya Farasi

Wengine wanakusoma kwa ajili ya wafalme.
Mimi, Hilje Pärnoja, nakusoma kwa ajili ya kabichi:
jinsi Kersti, mjane wa msokota kamba,
anavyoishindilia pipani kwa ngumi,
chumvi ikimuuma penye nyufa za vidole,
na huko nje, kwenye vichochoro vya Tallinn ya kale,
tauni inabisha hodi nyumba hadi nyumba
kama mtu anayedai deni.

Kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali, hapa Tartu.
Nyufa za vidole nazijua.
Hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake.
Wewe ulijuaje?

Vitabu kumi na kimoja, ninavyo vyote,
hata cha nne, ambacho Virve alikiazima
akakirudisha kinanuka samaki wa moshi,
ukurasa wa mia na tatu haupo.
Sikumsemesha siku tisa.
Ukurasa wenyewe ni ule Kersti anapomkataa mwuza nta!
Nikaenda maktaba, nikaunakili kwa mkono,
nikaubandika kwa gundi.
Sasa mwandiko wangu umo katikati ya maneno yako,
umeinama kidogo,
kama mgeni aliyejikaribisha mezani.

Endel, mume wangu, huniuliza:
"Watu hao walishaoza, unawalilia nini?"
Hawajaoza, namwambia. Wako ukurasa wa sitini,
wanakula.
Nyamaza.

Kisha Machi ukaja mjini kwetu,
theluji ingali imenuna kando ya njia.
Nilipanga foleni saa nzima na hotuba yangu kichwani.
Nilitaka kukueleza usiku ule mama alipokuwa akikata roho,
nami nikimsomea sura ya kengele,
na alivyoninong'oneza, macho kafumba,
"Usiishie hapo."
Nilitaka kukuambia sikuishia hapo,
kwamba nilisoma hadi mapambazuko
ingawa msikilizaji alikuwa ameshaondoka.

Ulimi ukawa ubao.
Nilichoweza kusema ni hiki:
"Farasi. Kitabu cha tatu.
Ukurasa wa arobaini ni mweusi,
wa mia mbili na kumi na mbili ni wa kahawia."

Walio nyuma yangu wakakohoa.
Ukavua miwani. Ukacheka hadi kalamu ikadondoka,
tukainama sote kuiokota, vichwa vikagongana.
"Miaka ishirini," ukasema,
"nangoja mtu amwone."
Chini ya jina lako ukaandika:
Farasi ni wako. Mpake rangi uitakayo.

Miezi mitano imepita, sijaamua.
Kila usiku namtoa zizini
chini ya taa ya jikoni, mashuka ya watu yamo mikononi bado,
harufu yake haitoki.
Namwona mweusi. Namwona kahawia.
Kersti ameshika hatamu, ananikodolea macho:
haraka, mwanamke,
tauni haingoji.