Daftari la Msimu

Daftari langu ni moja tu. Mbele madeni ya chai,
nyuma matokeo ya Misumeno.
Msimu huu yamekutana katikati
na sijui tena kipi ni kipi.

Agosti mwandiko wangu umesimama wima:
mbili bila, nyumbani.
Siku hiyo niligawa viazi vya bure,
hata refa alipata, na chumvi juu.
Mwenyekiti akapanda juu ya gogo la paina
akaahidi viatu, akaahidi basi lenye vioo,
akaahidi kwamba Mafinga itajulikana
kwa kitu kingine zaidi ya mbao.
Nikaandika hilo pia. Upande wa madeni.

Septemba sare. Oktoba sare, sare,
neno fupi, huandikwa haraka
na halishibishi.
Novemba wakaja wageni kumi, wa kumi na moja
alikuwa amekwama Makambako.
Hao kumi wakatufunga tatu.
Kihwele wa mashine ya randa akasema,
"Tuliwaonea huruma."
Hakuna aliyecheka.

Desemba basi likafia mlima wa Kitonga.
Vijana wakalala kando ya barabara
wamejifunika bendera yetu,
malori yakiwapita na mbao zetu.
Kesho yake, Morogoro, jua likawamaliza.
Nimeandika "nne" kwa herufi,
tarakimu iliushinda mkono.

Januari kocha aliaga anakwenda Songea
kumzika shangazi.
Bado anazika.

Machi ukungu ulishuka mpaka kwenye nyasi.
Nusu ya uwanja ikatoweka, tukawa tunausikia mpira
kama mtu anayepiga godoro nyumba ya jirani.
Upande wa pili wakapiga kelele: goli!
Tukaruka na sisi, tukakumbatiana,
nikamwaga birika zima.
Ukungu ulipoinuka kidogo
tukaona wanaocheza ni wageni.

Na Mei.
Sare tu ingetubakiza.
Dakika ya themanini na nane, shuti la kizembe,
mpira umedunda mara tatu, umechoka wenyewe,
mwanangu Tuzo angeudaka huku anakula.
Anyosisye akainama kama mtu anayeokota kitu chake,
ukapita katikati ya miguu.

Kukawa kimya. Hata msumeno wa kiwandani ulinyamaza,
au ni masikio yangu.
Kisha wakaanza kumtukania mama.
Mama yake yuko Tukuyu, anachuma chai,
hajawahi kuuona huo mpira.
Na mimi nilitukana.
Naandika hivyo kwa sababu daftari ni langu.

Juni, saa kumi na mbili asubuhi,
umande umeganda juu ya vumbi la mbao
kama mtu kamwaga sukari usiku,
akaja na begi mgongoni.
"Mama Tuzo, nimekuja kulipa.
Chai kumi na moja, viazi vitano."
Alikuwa anakumbuka kuliko mimi.
Nikaitazama ile mikono,
mikubwa, imepasuka kwa baridi,
ikihesabu sarafu moja moja
bila kudondosha hata moja.

Nikamwambia, "Daftari sikuja nalo leo."
Nilikuwa nimelikalia, chini ya kitenge.
"Utalipa ukirudi."
"Nani kakwambia narudi?"
Nikammiminia ya kumi na mbili, hakukataa.
Akainywa akiwa amesimama, akiutazama uwanja,
ambako mbuzi wawili wa Kihwele
walikuwa wanakula kwenye eneo la penalti.
Basi la Mbeya likapiga honi.

Jina lake bado liko pale, halijakatwa.
Nimefuta kumi na moja, nimeandika kumi na mbili.
Wino wa ile "nne" umepenya kutoka nyuma ya karatasi
na ukiliangalia jina lake juani
unaisoma kinyume.