Mlio Uliochelewa

Chumba namba nne, nyuma ya jengo la mazoezi ya viungo,
Kisumu, Aprili, saa nane mchana,
mawingu yanajipanga juu ya milima ya Nandi.
Kazi yangu ni ndogo: mimi ndiye mpiga milio.
Mkono wa roboti ukifika kwenye duara la kijani, ti.
Ukikosea, do.
Katikati ni mvumo mtupu masikioni, shhh,
ili mshiriki asisikie mota ikinung'unika
akabashiri upande atakaosukumwa.

Mshiriki wa saba ni Rosbela Akumu,
mshonaji wa sare za shule pale Kibuye
hadi Novemba, kiharusi kilipompokonya mkono wa kulia
akiwa kwenye kola ya shati la nane
kati ya kumi na mawili.
Aliuliza kwanza kama jeli itatoka kwenye nywele.
Itatoka, mama, kwa maji ya vuguvugu.
Tukamvika kofia ya waya thelathini na mbili,
vidole tukavifunga kwenye mpini kwa mkanda,
nikamwekea vipokea sauti.
"Hii ni mvua ya mabati," akasema,
"ila haina matone."

Mizunguko arobaini.
Ti. Ti. Do. Ti.
Kila mlio ukija, yeye keshapita,
kama mwenyeji anayeitikia hodi
ya mgeni aliyekwisha kaa.
Nikaandika daftarini: *Hafuati mlio.*
Nikapigia mstari.

Wakati wa mapumziko akanywa chai kwa mkono wa kushoto.
"Wewe wa kengele," akaniita,
"kengele yako inachelewa."
Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma,
kwamba kompyuta haichelewi,
kwamba ubongo uliojeruhiwa wakati mwingine…
Hakunijibu. Akaweka mguu sakafuni,
akaanza kukanyaga pedali isiyokuwepo,
ta-ta-ta-ta, kisigino, vidole, kisigino,
miaka ishirini na sita ya pindo zilizonyooka,
na kiganja kizima kikigonga meza
mahali sindano ingeingia.
"Hapa," akasema. "Yako ipo hapa."
Kati ya hapa na hapa
pangepita uzi mmoja tu.

Jioni, wote walipokwisha kwenda,
nilibandika maikrofoni kwenye kipokea sauti,
waya mwingine kwenye mpini, nikagonga mara mia.
Milisekunde themanini na tisa.
Kope haiwahi hata kufumba.
Sauti ilikuwa inakaa foleni ndani ya mashine,
inasubiri ndoo ijae ndipo imwagwe,
na mimi siku kumi na moja
nimewaandika watu saba kuwa wazito.

Nikaipunguza ndoo. Nikampigia simu Daktari Nasambu,
akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika,
kisha: "Futa zote.
Na huyo mama, mwombe arudi."

Alirudi Alhamisi, na jeli ya juzi bado nyuma ya sikio.

Mlio ukaitika, mkono ulipogusa,
Bega likalainika, kiwiko hakikususa,
Mpini ukazunguka, pole, kama kupapasa,
Thelathini ikafika, kumi tu aliyokosa.

Mkono haujapona; nisikudanganye.
Nilipofungua mkanda vidole vilijikunja palepale,
akavitazama kama watoto wa jirani.
Akauliza kama lile shati la nane
lingeweza kufungwa kola na mtu mwingine
bila mwenye shule kutambua.
Sikujua. Nilijua milio tu.

Kabla ya awamu ya pili mvua ikashuka,
mvua yenyewe, ya Kisumu,
juu ya mabati ya chumba namba nne,
na hakuna mvumo wangu ulioweza kuizidi.
Nikazima mashine.
Akavua vipokea sauti, akainua kidevu.
"Hii sasa," akasema, "ina matone."

Tukangoja. Chini ya meza
mguu wake ulikuwa unashona.